Ramani za Kale na Ziwa Tanganyika

Mkazi wa Katubuka, mjini Kigoma, hahitaji ramani ili ajue Ziwa Tanganyika liko upande gani. Wataalamu wa Ulaya, kwa upande wao, walihitaji karne nyingi kuliweka mahali pake katika karatasi. Makosa yao yamehifadhiwa katika ramani ambazo leo hutafutwa kwa bidii na wakusanyaji wa vitu vya kale.

Ramani ya Afrika ya Abraham Ortelius, ya mwaka 1570, ilionyesha Mto Naili ukitoka katika maziwa mawili kusini ya Ikweta, fikra iliyorithiwa kwa Ptolemy wa Alexandria, aliyeishi katika karne ya 2. Ramani nyingi za Ortelius zilichongwa na Frans Hogenberg, kinyumenyume, katika mabamba ya shaba. Kusahihisha bamba kulikuwa na taabu: fundi alikwangua kosa, akaligonga bamba kwa nyuma, akalisugua, ndipo akachonga upya. Si ajabu, basi, kwamba makosa yalinakiliwa na kuishi kuliko waliyoyaanzisha. Mwaka 1749 Mfaransa d'Anville aliyafuta mengi, akaacha sehemu kubwa ya bara wazi. Kukiri kutojua kulikuwa hatua ya kisayansi.

Mwaka 1856 ilichapishwa huko Gotha, Ujerumani, ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann. Maziwa ya Victoria, Tanganyika na Nyasa yalifanywa humo kuwa bahari moja. Habari zilitoka kwa wasafiri wa misafara, na kila mmoja alisema kweli: njia yake iliishia kwenye maji makubwa. Kosa lilikuwa la aliyeziunganisha habari, si la waliozitoa.

Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Mwaka huohuo, huko Uvira, wenyeji waliwaeleza kuwa Mto Rusizi huingia ziwani. Hata hivyo Burton baadaye alishikilia kuwa mto huo hutoka. Ilikuwa Novemba 1871 ndipo Livingstone na Stanley walipokwenda wenyewe na kuthibitisha neno la wenyeji.

Wapo watakaosema kuwa ramani hizi ni anasa za matajiri. Asili zake ni ghali, ni kweli. Lakini nakala zake si ghali. Yafaa ziwekwe katika makumbusho na katika shule za Kigoma, ili mwanafunzi azilinganishe na ramani ya leo na kuuliza: nani alisema, nani alichora, na nani hakusikilizwa? Hapo atajifunza jinsi sayansi inavyojisahihisha, wala hatadanganyika kuwa ziwa la babu zake lilisubiri mgeni ndipo lijulikane.

Pembeni mwa ramani nyingi za kale limechongwa jina la fundi. Jina la mvuvi au mpagazi aliyetoa habari halimo. Wahenga walionya: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.