Behewa Bovu Lipangishwe Kabla ya Kupimwa kwa Kilo

Mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu haichagui. Geti bovu, injini ya lori na behewa la abiria, vyote huhesabiwa kwa kilo. Hapo ndipo Shirika la Reli Tanzania (TRC) linapaswa kuwa makini, kwani behewa lililostaafu lina paa, sakafu na madirisha ambayo mizani hailipii.

Suala hili litazidi kukua. Treni za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, zikafika Dodoma mwezi uliofuata. Njia hiyo ina upana wa milimita 1,435, na mabehewa ya zamani ya mita 1 hayawezi kuhamia huko. Yakichoka, yatafutiwe kazi nyingine au yakatwe.

Huko India, mwaka 2020, shirika la reli lilifungua mgahawa katika stesheni ya Asansol ndani ya mabehewa mawili yaliyomaliza kazi. London nako, mwaka 2007, mabehewa ya treni za chini ya ardhi yalipandishwa juu ya jengo mtaani Shoreditch yakawa ofisi za wasanii. Kwa Tanga, mfano wa India ndio unaofaa, na sababu ni uzito.

Mfanyabiashara wa Tanga anayetaka kibanda cha chuma hununua kontena. La futi 20 likiwa tupu lina tani 2 na ushei. Lori hulipeleka hadi Muheza asubuhi na jioni duka limefunguliwa. Behewa la abiria linazidi tani 20. Kreni na usafiri vitameza faida kabla ya kikombe cha kwanza cha chai kuuzwa, na wanaoota mgahawa wa behewa ufukweni Raskazone wapige kwanza hesabu hiyo.

Likibaki relini, hesabu hubadilika. Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, imeugawa mji: Ngamiani upande huu, maofisi na bandari upande ule. Wateja wanaivuka kila siku kwa miguu. Mama lishe, kinyozi na wakala wa fedha za simu wangegombea nafasi hapo.

Kinachoweza kuwakimbiza ni mkataba. Hakuna mwenye akili timamu atakayetia nyaya, maji na rangi katika behewa la mwingine, ndani ya hifadhi ya reli, kwa mkataba wa mwaka mmoja, huku akisubiri alama nyekundu ya X ukutani. Muda usipungue miaka 5, na fidia iandikwe iwapo shirika litalihitaji eneo mapema.

Shirika nalo lisidanganyike. Kodi ya miaka hiyo ikiwa ndogo kuliko bei ya chuma, behewa likatwe. Hewa ya chumvi ya Tanga haina huruma, na behewa linalokaa bila rangi hupoteza thamani kila masika.

Lipo pia suala la vyoo, ambalo wapangaji wengi hulisahau. Vyoo vya mabehewa ya zamani vilijengwa kumwaga uchafu njiani, treni ikiwa katika mwendo. Behewa likisimama daima, lazima pawe na shimo na mabomba, na tangazo la zabuni liseme wazi nani analipia, shirika au mpangaji.