Hodari wa Kuvua, Mzito wa Kusema

Niwie radhi nianze kwa kukiri kosa. Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu kwenye shule moja ya upili huko Likoni, niliwapa wanafunzi wa kidato cha kwanza insha ya kumweleza mtu wanayemjua vyema. Binti mmoja aliandika hivi: "Babangu ni hodari wa kuvua lakini mzito wa kusema." Nilichukua kalamu nyekundu, nikalikata neno "wa" mara mbili, na juu yake nikaandika "katika". Nikampunguzia na alama moja. Binti yule hakuuliza lolote. Aliipokea karatasi yake kwa mikono miwili, akaenda kuketi, na katika insha iliyofuata akaandika "hodari katika" kama nilivyomfunza.

Siku chache baadaye nilikuwa kwenye feri nikivuka kuelekea kisiwani. Mama mmoja mwenye kapu la samaki alikuwa akimsimulia mwenzake habari za mteja wake mmoja. "Yule ni mwepesi wa kukopa, mzito wa kulipa," akasema, na waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, kisha nikanyamaza. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyehisi kwamba mama yule amekosea sarufi. Angalisema "mwepesi katika kukopa", nadhani watu wangalimgeukia kwa sababu nyingine.

Basi hiyo "katika" yangu ilitoka wapi? Haikutoka Likoni wala haikutoka katika kitabu chochote cha sarufi ya Kiswahili nilichopata kukisoma. Ilitoka katika Kiingereza nilichokaririshwa tangu utotoni. Katika lugha hiyo, kivumishi aghalabu hufuatwa na kirai kihusishi, na kila kivumishi kina kihusishi chake kilichozoeleka: mtu huwa "good at", huwa "afraid of", huwa "angry with", huwa "responsible for". Hakuna kanuni moja inayomwongoza mwanafunzi, sharti akariri. Hata wenye lugha hawaafikiani daima. "Different from" inakubalika kote, "different to" husikika sana Uingereza, na "different than" imeshamiri zaidi Marekani. Sisi tuliochapwa kwa ajili ya vihusishi hivyo tumevibeba vichwani kama mzigo, na tunapoandika Kiswahili tunautua mzigo huo hata mahali usipohitajika.

Waama, Kiswahili kimeigawa kazi hiyo kwa namna nyingine kabisa. Mara nyingi hakihitaji kivumishi wala kihusishi, kwa kuwa kitenzi kinatosha. Ndoo imejaa maji. Haikujaa "na" maji, ijapokuwa siku hizi "imejaa na" tunaisoma hadi katika tasnifu. Mtoto anaogopa mbwa. Na pale Mwingereza anapohitaji kihusishi kuonyesha hasira au fahari inamwelekea nani, sisi tunakinyambua kitenzi katika kauli ya kutendea: amenikasirikia, anajivunia mwanawe, wameufurahia ushindi. Kiambishi kidogo ndani ya kitenzi kinafanya kazi ambayo kwingineko inafanywa na neno zima.

Pale ambapo kivumishi kinahitajika, chombo chetu kikuu ni a-unganifu. Huyu ni mwepesi wa hasira, yule ni mgumu wa kutoa, Mungu ni mwingi wa rehema. Tazama pia jinsi chombo hiki kinavyofuata upatanisho wa ngeli: kuni nyepesi za kushika moto, vikombe vyepesi vya kuvunjika, mchele mwepesi wa kuiva. Sifa na kiungo chake vyote viwili vinaigeukia nomino moja. "Katika" na "kwa" hazina uwezo huo, kwa kuwa hazibadiliki hata nomino iwe ya ngeli gani.

Kuna jambo jingine linalonivutia zaidi, na hapa naomba nitue kidogo. Linganisha "moyo wake ni mweupe" na "yeye ni mweupe wa moyo". Katika sentensi ya kwanza tunausifu moyo. Katika ya pili tunamsifu mtu mzima, kisha tunaonyesha mahali ambapo sifa hiyo inakaa. Ndivyo ilivyo kwa "mkunjufu wa uso", "mrefu wa kimo" na "mpana wa kifua". Hata babake yule binti, hakuelezwa kuwa usemi wake ni mzito. Alielezwa kuwa yeye ni mzito, na kusema ndiko kunakouonyesha uzito huo. Kiingereza nacho hakikosi muundo wa aina hii, na asiyesikia vizuri huitwa "hard of hearing", ila semi hizo kwao zimebaki chache na nyingi zina harufu ya vitabu vya kale. Kwetu sisi muundo huu ungali hai. Unauza samaki na kudai madeni.

Asiyeamini na ajaribu kulitafsiri neno "good" kwa wanafunzi wake. Aliye "good at" hesabu ni hodari wa hesabu. Aliye "good with" watoto anajua kukaa na watoto. Kilicho "good for" afya kinafaa afya. Vihusishi vitatu vya Kiingereza vimezaa miundo mitatu ya Kiswahili, na hakuna hata mmoja unaodai "mzuri katika", "mzuri na" wala "mzuri kwa". Lakini ni ripoti ngapi za shule tulizoziona zikisema mtoto ni "mzuri katika hesabu"?

Najua kuna watakaonijibu kwamba lugha hukua, na kwamba kuukataa ukuaji ni kuifisha lugha. Sibishani nao kwa jumla. "Sawa na", "karibu na" na "tofauti na" zina "na" ndani yake, na ni Kiswahili safi. Asiende mtu kuzifyeka kwa jina langu. Maneno "maarufu" na "mashuhuri" yametoka Uarabuni, na sikusudii kuyarudisha. Ninachokataa ni kumwadhibu mtoto kwa kusema lililo sahihi.

Nionavyo, tatizo letu halikuanzia kwenye vihusishi. Mwaka 1928 mkutano ulioamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu ulifanyika Mombasa, yaani katika mji wa Kimvita, na mwaka 1930 kamati ya kuusimamia usanifishaji ikaanza kazi. Sina nia ya kuufufua ugomvi huo. Hata hivyo, matokeo yake darasani ni kwamba mtoto wa hapa anayeandika "mato" badala ya "macho", au "mtele" badala ya "mchele", huambiwa kwamba Kiswahili cha kwao si cha shuleni. Akishaambiwa hivyo mara kadhaa, na mwalimu akishazoea kumwambia hivyo, kila kinachotoka nyumbani hushukiwa. Ndipo "mzito wa kusema", usemi ambao Mvita na Unguja hawautofautiani, unapokatwa kwa kalamu nyekundu kana kwamba ni lahaja, na "katika" ya Kiingereza inapopita bila kuulizwa kwa sababu imevaa nguo za kisomi. Katika insha ya Kiingereza, kihusishi kisichofaa humpotezea mtoto alama. Katika insha ya Kiswahili, kihusishi cha Kiingereza humletea sifa. Hivyo mtoto mmoja anaonewa mara mbili.

Upande wa ng'ambo una utajiri ambao sisi wanafunzi wa vyuo hatujautumia. Likoni kuna Wadigo. Kisauni kuna Wagiriama na jamaa zao. Changamwe, ambayo jina lake ni la mojawapo ya mataifa matatu ya Waswahili wa Mombasa, imejaa watu waliotoka bara kutafuta kazi za bandari na reli. Wote hao wanakutana katika Kiswahili. Je, Mgiriama na Mluo wakipatana bei katika soko la Kongowea, husema "hodari wa" au "hodari katika"? Na mtoto aliyezaliwa Changamwe na wazazi wa kutoka bara je? Sijaona tasnifu ya shahada ya kwanza iliyoliuliza swali hilo, ilhali nauli ya matatu na daftari vinatosha kulifanyia utafiti. Wahadhiri wetu wanaotafuta mada za kutupa hawana haja ya kwenda mbali.

Nawaomba pia wanaowaandaa walimu kututengea walau kipindi kimoja cha kusahihisha masahihisho yetu wenyewe, yaani tuketi na insha tulizozikosoa na tuulizane kila alama nyekundu ilitoka katika lugha gani. Mimi nitaleta sentensi ile ya Likoni, maana ningali naikumbuka neno kwa neno. Binti yule amekwisha kumaliza shule na sijui aliko. Namdai radhi, naye ananidai alama moja.