NENO "MKOMUNISTI" NA SHAMBA LA NABOTHI

Ndugu wanachama,

Sisi wafanya kazi wa reli tuliozaliwa Kikima, katika milima ya Mbooni, tumesikia neno ambalo haliwezi kupita bila jibu. Tulipouliza juu ya malipo ya saa za ziada, mkubwa mmoja wa kazi alitujibu kwamba maswali kama hayo ni ukomunisti. Wengine walicheka. Sisi hatukucheka, maana neno hilo limeua watu.

Tuliosoma shule ya misheni twakumbuka habari ya Nabothi. Mfalme Ahabu alitamani shamba lake la mizabibu. Nabothi akakataa kuliuza kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Basi wakatafutwa mashahidi wa uongo, wakasema amemtukana Mungu na mfalme. Akapigwa mawe akafa, na Ahabu akalitwaa shamba. Angalieni sana: hapana aliyesimama mbele ya watu akasema, "Twamwua kwa ajili ya shamba."

Nabothi wa Kongo ni Patrice Lumumba. Kabla ya siasa alikuwa karani wa posta katika Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani; alikuwa mtu wa mshahara kama sisi. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Majuma mawili hayakwisha, askari wa Ubelgiji walikuwa wamekwisha toka kambini, na Moise Tshombe amekwisha itenga Katanga. Kwa nini Katanga? Huko ndiko kwenye shaba ya kampuni ya Union Minière. Huko ndiko Shinkolobwe, ambako Marekani walipata urani nyingi ya kutengenezea mabomu ya atomu ya mwaka 1945.

Lumumba alikwenda kwanza kwa Umoja wa Mataifa. Julai ile ile akaenda Washington kuomba msaada. Rais Eisenhower hakumwona. Milango hiyo ilipofungwa, ndipo akapokea ndege na malori ya Urusi. Hapo wakubwa wakapata neno walilolitaka. Tarehe 26 Agosti 1960 Allen Dulles, mkuu wa CIA, alipeleka simu Leopoldville kwamba kumwondoa Lumumba ni jambo la haraka. Septemba ikaletwa sumu. Haikutumika, maana wengine waliimaliza kazi hiyo: Mobutu alitwaa madaraka, Lumumba akakamatwa, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Haya si porojo za kilabuni. Kamati ya Seneti ya Marekani iliandika habari ya ile simu na ile sumu mwaka 1975, na mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi.

Mwaka 1964 moto ukawaka tena. Waasi wa Simba waliteka Stanleyville mwezi wa Agosti. Tshombe, ambaye sasa alikuwa waziri mkuu wa Kongo nzima, akaleta askari wa kukodiwa kutoka Afrika Kusini na Rhodesia. CIA ikaleta ndege, na marubani Wakuba waliomkimbia Castro. Hapa Nairobi, Mzee Kenyatta alikuwa mwenyekiti wa kamati ya OAU juu ya Kongo. Tarehe 23 Novemba alikaa na balozi wa Marekani, William Attwood, pamoja na Thomas Kanza wa upande wa waasi, kutafuta suluhu. Kesho yake ndege za Marekani zikaangusha askari wa miavuli wa Ubelgiji juu ya Stanleyville. Wazee wangali wakizungumza, na shoka limekwisha anguka!

Watatuambia kwamba Wasimba waliua watu na kushika mateka. Ni kweli, na hatuwatetei. Watasema Urusi nao walikuwa na tamaa yao. Ni kweli pia. Lakini twauliza: ni nani aliyemfungia mlango mtu aliyekuja kuomba kwa amani? Mwisho wake, Mobutu alikalia Kongo tangu 1965 hata 1997. Mkomunisti hakuonekana, bali shamba lilikwenda.

Vietnam ilikuwa vivyo hivyo. Marekani walianza kwa kuwalipia Wafaransa vita vyao vya ukoloni. Wafaransa waliposhindwa Dien Bien Phu mwaka 1954, Marekani wakavirithi vita hivyo kwa jina la kuzuia ukomunisti. Askari wao zaidi ya 58,000 walikufa huko, na watu wa nchi ile wakafa kwa mamilioni. Wakubwa walioamuru hawakufa.

Na sisi je? Makhan Singh, aliyeanzisha vyama vya wafanya kazi katika Kenya, alikamatwa mwaka 1950 akazuiliwa hata 1961. Yeye hakuficha kwamba ni mkomunisti. Lakini alichodai ni mshahara wa haki na uhuru wa nchi. Miaka ile ile askari wa KAR, na Wakamba wengi walikuwa katika jeshi hilo, walipelekwa Malaya kuwawinda wakomunisti msituni. Huko kulikuwa na mipira na bati ya Waingereza. Mtoto wa Ukambani hakuwa na mti hata mmoja wa mpira.

Leo Marekani na Ulaya wanatoa fedha kwa reli ya Lobito, ipitishayo shaba ya Katanga mpaka bahari ya Angola. Wachina nao walikopesha fedha za reli yetu mpya kutoka Mombasa. Sisi ni watu wa reli, hatuchukii reli. Lakini reli hufuata mali, na mwenye kutamani mali hakosi neno la kumpakia mwenye shamba.

Kwa hiyo, ndugu, mkisikia mwenzenu ameitwa mkomunisti, au mchochezi, au kibaraka wa Wachina, msikimbie. Ulizeni kwanza: alikuwa akidai nini, na ni nani atakayepata faida akinyamaza? Kisha simameni karibu naye. Nabothi alikufa kwa sababu wazee wa mji wake waliujua uongo ule wakautii.

Na zile saa za ziada, bado twazidai.

Umoja ni nguvu.

Wafanya kazi wa reli, Kikima