Jina kichwani, uozo shingoni: vijana tunauziwa gitaa au kibandiko?

Ndugu msomaji, hebu tuulizane bila kuoneana haya. Wewe kijana unayejibana miezi minane, unaruka chakula cha mchana, unaweka vijisenti vya bodaboda ili ununue gitaa la umeme kutoka nje, unanunua nini hasa? Unanunua mbao, chuma na sumaku vinavyotoa sauti, au unanunua jina lililobandikwa kichwani?

Usinijibu haraka. Nenda duka lolote la vyombo vya muziki mjini ukasimame dakika kumi tu. Kijana anaingia, anasoma "Gibson" au "Fender", macho yanamtoka, anauliza bei. Shingo hajaigusa. Nyuzi hajazipiga. Muuzaji naye mtoto wa mjini, anajua aliyesimama mbele yake ni nani. "Hili limetoka Marekani, mdogo wangu, limebaki moja." Biashara imekwisha. Kijana keshapigwa changa la macho, na risiti hajapewa!

Sasa sikiliza. Desemba 2024 forodha ya Marekani ilitangaza kukamata magitaa bandia zaidi ya 3,000 yenye jina la Gibson katika bandari za Los Angeles na Long Beach. Yalitoka Asia kwa meli. Yangekuwa halisi, thamani yake ingepita dola milioni 18. Hiyo ni Marekani, nyumbani kwa Gibson, wenye mitambo na wataalamu wao. Kama kanyaboya linathubutu kupiga hodi kwa mwenye jina, kwetu linaingia likiimba.

Gibson Les Paul Standard jipya huko kwao linauzwa zaidi ya dola 2,000. Anayekuuzia "Gibson jipya" kwa bei ya simu ya kawaida hakuonei huruma kwa kuwa wewe ni mlalahoi. Anakuuzia kibandiko, na mbao anakupa kama nyongeza.

Tunayo Tume ya Ushindani. Tunayo Sheria ya Alama za Bidhaa, ya tangu mwaka 1963. Nauliza, na naomba nijibiwe: gitaa feki mliloliteketeza mbele ya kamera ni lipi? Au kwa kuwa anayeibiwa ni mpiga solo wa Mbagala, huo si wizi?

Wapo watakaosema, "Gitaa ni starehe, kwa nini tupoteze wino?" Hao ndio nataka tuelewane nao. Gitaa ni jembe. Asiye na jembe lake ni kibarua, hata akilima kuliko wote. Tazameni historia yetu. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Kimulimuli ilikuwa ya JKT. Walipiga muziki ambao mpaka leo hatujaufikia, lakini vyombo vilikuwa vya mwajiri. Ukikorofishana na wakubwa, unatoka na vidole vyako kumi, gitaa linabaki ukumbini. Leo majina ya wenye bendi yamebadilika, utaratibu ni uleule: mwenye vyombo ndiye anayepanga nani apande jukwaani na nani alipwe nauli tu.

Kwa hiyo kijana anayenunua gitaa lake anajikomboa. Na anayemuuzia gitaa bovu anamrudisha utumwani, maana miezi mitatu baadaye shingo imepinda, nyuzi zinakwaruza, na kijana anarudi kwa mwenye bendi kuomba kuazimwa.

Forodha nako kuna kazi. Ukiagiza gitaa, hesabu haipigwi kwenye bei ya gitaa peke yake. Wanachukua bei, wanajumlisha bima, wanajumlisha nauli ya kulifikisha hapa, ndipo wanapiga ushuru. Halafu juu ya jumla yote hiyo, ushuru ukiwamo, inakuja VAT ya asilimia 18. Yaani unalipia kodi nauli, kisha unalipia kodi ile kodi! Waheshimiwa bungeni, jembe la mkulima mnalitaja kila bajeti. Jembe la mwanamuziki mtalitaja lini, au mpaka mtuhitaji kwenye kampeni?

Lakini tusiishie kulalamika. Serikali ikilala, wewe usilale. Tatizo kubwa ni kwamba tumefundishwa kuabudu jina. Huyo Fender unayemsujudia alikuwa nani? Leo Fender alikuwa fundi redio wa mji wa Fullerton, California. Fundi redio, kama hao unaowapita Kariakoo! Kupiga gitaa hakuwahi kujifunza. Gitaa lake la Telecaster, lililoingia sokoni mwaka 1950 kwa majina mengine kabla ya kupewa hilo mwaka 1951, lilikuwa ubao mzito na shingo iliyofungwa kwa skrubu nne, ili ikiharibika uitoe uweke nyingine. Siri ilikuwa vipimo sahihi, basi.

Wajapani waliligundua hilo mapema. Walinakili magitaa ya Kimarekani vizuri mpaka mwaka 1977 wenye Gibson wakakimbilia mahakamani dhidi ya wauzaji wa Ibanez. Mwaka 1982 Fender wenyewe wakaanza kutengenezewa magitaa hukohuko Japani, na mwaka 1987 wakafungua kiwanda Ensenada, Mexico. Basi hata neno "Marekani" si kipimo. Kipimo ni gitaa lenyewe lililo mkononi mwako. Na kulipima huhitaji digrii. Unahitaji macho, vidole, tepu ya fundi na ubishi.

Kwanza, shingo. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Freti ni vile vichuma vilivyolala shingoni. Tazama katikati, karibu na freti ya 7. Pawepo upenyo mwembamba, kama wa karatasi ngumu. Ukiwa mkubwa, shingo imepinda mbele. Usipokuwapo kabisa, huenda imebinuka nyuma. Hiyo si hukumu ya kifo, kwa sababu ndani ya shingo hupita chuma cha kuirekebisha. Mwambie muuzaji akizungushe robo tu kwa spana ya L. Kikigoma, au kikizunguka bila kushika kitu, liweke gitaa chini, aga kwa heshima, ondoka.

Pili, pitisha kiganja pembeni mwa shingo kutoka juu hadi chini. Freti zikikukwaruza kama msumeno, ama hazikumalizwa kiwandani, ama ubao ulikuwa mbichi ukasinyaa. Likikukwaruza kwenye joto na unyevu wa Dar, ukilipeleka Dodoma kwenye ukavu litakuchana.

Tatu, tepu. Kutoka kidaraja cha juu, pale nyuzi zinapoingilia shingoni, hadi freti ya 12 ni nusu ya urefu wa uzi unaolia. Magitaa ya aina ya Fender yana milimita 648, kwa hiyo nusu ni 324. Sasa pima kutoka freti ya 12 hadi kidaraja cha chini. Upate 324 ileile na ziada ndogo ya milimita chache. Ikipungua, au ikizidi sana, halitakaa sawa na kinanda mpaka kiama, hata ulifunge nyuzi za dhahabu.

Nne, piga kila uzi kwenye kila freti. Ndiyo, zote! Muuzaji akinuna, mwache anune, fedha ni yako. Sauti inayokufa au kukwaruza mahali pamoja ni freti iliyonyanyuka.

Tano, omba bisibisi ufungue kifuniko cha nyuma. Ukiona tabaka tabaka, hiyo ni plaiwudi. Na kama kichwani pameandikwa Gibson, tazama kile kifuniko kidogo karibu na kidaraja cha juu. Kwa kawaida la kweli lina skrubu mbili. Ukihesabu tatu, mwulize muuzaji ya tatu ilitoka wapi. Likiwa la mtumba, chunguza nyuma ya shingo pale kichwa kinapoanzia. Magitaa hayo hupenda kupasuka hapo, na rangi mpya huficha ufa.

Sita, lichomeke kwenye amplifaya. Zungusha vitufe vyote. Likiunguruma kidogo, kisha likatulia ukigusa nyuzi, ni kawaida. Lisipobadilika hata kidogo, huenda waya wa ethi haukuungwa. Hilo usilidharau, na soketi zetu za uswahilini unazijua.

Je, unaagiza kutoka mbali? Usikubali picha ya kwenye tangazo. Dai picha ya shingo ikitazamwa kwa ubavu, ya nyuma ya kichwa, na video ya kila freti ikipigwa. Mwenye ndugu Dubai au Guangzhou ampe orodha hii na tepu. Muuzaji mkweli hatakataa. Anayekataa amekwisha kujibu.

Nasikia mmoja ananong'ona, "Bora feki inayolia kuliko halisi nisiyoweza kununua." Ndugu yangu, sikatai gitaa la bei poa. Nakataa gitaa la uongo. Squier ni jina la Fender wenyewe, Epiphone ni mali ya Gibson tangu 1957, Yamaha wana Pacifica. Yanatengenezwa China au Indonesia, yanauzwa kwa jina lake, na mengi yanapita mitihani yote niliyoitaja. Gitaa lisilojificha lina wa kumuuliza likiharibika. La kibandiko utamuuliza nani? Muuzaji keshahama fremu.

Na lipo la kuuma zaidi. Mpingo wa Kilwa na Lindi unavuka bahari kwenda Ulaya kuwa klarineti na oboe zenye sifa dunia nzima. Mti tunao. Mafundi seremala tunao, mafundi redio tunao. Leo Fender hakuanza na zaidi ya hapo. Sisi tunapanga foleni kununua plaiwudi yenye jina la mtu.

Vijana, mjini shule. Nendeni dukani wawili wawili, mmoja apige, mwingine ashike tepu. Daini risiti yenye jina la gitaa na neno "halisi", ili kesho muwe na ushahidi. Anayeogopa kuliandika neno hilo anajua anachouza. Na tukianza kuwageuzia visogo mmoja baada ya mwingine, wataelewa lugha hiyo kabla Tume haijaamka.

Kichwa cha gitaa hakitoi sauti. Shikeni shingo!