Nyama tupu haipunguzi unene salama

Wafanyakazi, wengine kati yetu wenye tumbo kubwa wameacha bugali kabisa, wanakula nyama na mayai tu. Hawakosei yote. Vyakula vya kujenga mwili, yaani protini, hushibisha kwa muda mrefu, tena hulinda misuli wakati uzito unaposhuka. Lakini kilo zinazotoka juma la kwanza nyingi ni maji, na shimoni tayari tunatoka jasho. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au presha amwone daktari kwanza.

Kinachonisumbua zaidi ni sahani ya baba. Mtu wa kilo 70 hutoshelezwa na gramu 60 hivi za protini kwa siku. Akimaliza nyama yote, mtoto akabaki na bugali wa muhogo, huja bwaki: miguu huvimba, nywele hubadilika rangi. Waganga wa Lwiro, karibu na Bukavu, waliichunguza tangu miaka ya 1950.

Gramu 100 za maharagi makavu zina protini gramu 20 na zaidi. Pika hayo, ongeza sambaza na lengalenga, watu wote wa nyumba wale. Wewe mnene punguza bugali nusu, na mawese. Bia pia, ingawa najua wengine watanikasirikia.