Kabro kila mahali, maji yaende wapi?

Sijui nani alitudanganya eti ua bila kabro ni ushamba. Masika ikifika, vichochoro vya Mji wa Kale vinageuka mito, halafu lawama zote kwa kaunti. Mitaro imeziba, sikatai. Lakini hebu angalia chini ya mwarobaini, pale magari hayafiki: mvua inanyesha, maji yanazama. Mizizi na nyungunyungu wametoboa vijia, udongo umeshikana vidongevidonge, na katikati mna nafasi. Sasa nenda pale tuktuk zinapopaki. Udongo ni ule ule, ila vitundu vimebanwa. Maji yanasimama dimbwi mpaka mbu wanapata kwao.

Na hii si ishu ya viatu kulowa tu. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe. Maji ya visima ni mvua iliyozama ikaelea juu ya maji ya bahari. Mvua yote ikiteleza juu ya kabro ikaishia baharini, kisima kinazidi chumvi, na wewe unazidi kununua mitungi ya mkokoteni.

Wenye nyumba, urembo sawa, lakini acheni walau kona moja ya udongo na mti. Na watu wa bodaboda, tafadhali, msipaki hapo.