FURAHA SI MALI YA TAJIRI



Mambo ya mishahara, nyumba na saa za kazi tumeyaandika mara nyingi katika ukurasa huu, na tutazidi kuyaandika. Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni furaha ya mfanyakazi katika siku zake za kawaida.

Twajua neno hili lina hatari yake. Wako matajiri ambao wakiombwa nyongeza ya mshahara huanza kuhubiri kwamba mfanyakazi mwema ni yule anayecheka. Kicheko hakilipi kodi ya nyumba. Mtu akikwambia ufurahi ili uisahau haki yako, usimsikilize.

Lakini kuna hasara nyingine. Mtu hushinda kazini chini ya msimamizi mkali, kisha jioni huuchukua ukali ule ule mpaka nyumbani kwake. Watoto wakisikia viatu vyake mlangoni hunyamaza. Mke hamsemeshi. Mtu huyo amempa tajiri saa za kazi alizolipwa, na tena amempa saa za jioni ambazo hakulipwa hata senti moja.

Wataalamu wamelichungua jambo hili. Mwaka 1998 Barbara Fredrickson, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, aliandika kwamba hofu na hasira huibana akili, mtu akawaza kukimbia au kupigana tu. Bali furaha huifungua akili, akaona njia nyingi na kujenga urafiki utakaomfaa siku ya shida. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walieleza jinsi walivyowaambia wanafunzi waandike mara moja kila juma, kwa majuma 10, mambo yasiyozidi matano. Wengine waliandika mambo ya kushukuru, wengine mambo ya kuudhi. Wale wa shukrani waliyaona maisha yao kuwa mema kuliko wale wa maudhi.

Nasi tunayo historia yetu. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa kwa siku 12, wakikutana kwa maelfu katika uwanja wa Kiembeni. Hasira ilikuwako, na sababu zake zilikuwako. Lakini twaamini kwamba hasira peke yake haiwezi kuwashika watu pamoja siku zote hizo bila mshahara. Watu hushikwa na kuonana na kutiana moyo.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kulala, kila mtu akumbuke mambo matatu mema ya siku ile, hata yakiwa madogo: chai aliyopewa na mwenzake, au mtoto aliyesoma ukurasa mzima bila kukwama.

Pili, aliyekusaidia kazini mwambie ahsante leo. Usingoje siku ya kumzika ndipo umsifu.

Tatu, itumie haki yako ya kupumzika. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa malipo kamili baada ya miezi 12. Siku hizo usizimalize kwa kununa. Nenda mpirani, watembelee wazazi, cheza na watoto.

Nne, mikutano ya matawi isiwe malalamiko matupu. Tuanze na kile tulichokipata, hata kama ni buti na sabuni tu, ndipo tuyaingie madai.

Wengine watauliza: je, furaha haitaulegeza moyo wa kudai haki? Hata kidogo. Aliyekwisha onja jioni njema nyumbani kwake ndiye ajuaye thamani ya saa za mapumziko, naye ndiye atakayezipigania. Aliyekata tamaa hadai kitu.

Tajiri amezinunua saa zetu za kazi. Moyo hakuununua, wala hatuuzi.

UMOJA NI NGUVU.